Hita ya Dizeli Kwenye Motohomu, Nyuzi 24 Chini ya Sifuri: Joto Lake Nalipenda, Pampu Yake Siitaki

Subirini, subirini, kabla sijasalimia. Baba Imani, leta kamera huku kwenye kipimajoto. Mnaona? Cha nje kinasoma nyuzi 24 chini ya sifuri. Haya, sasa geuza huku, cha ndani: ishirini na moja. Na mimi nimevaa dera. Dera, jamani! Soksi ndiyo, soksi nimevaa, habari ya sakafu tutaifikia.

Hamjambo wapenzi watazamaji, shikamooni wakubwa zangu, karibuni tena kwenye chaneli yenu. Tupo Jokkmokk, kaskazini mwa Sweden, ukishavuka tu Mstari wa Aktiki. Tumefuata mnada wao wa Februari, ule wa Wasami, wenyeji wa asili wa kaskazini huku, ambao unafanyika tangu mwaka 1605. Video ya mnada inakuja, nyama ya kukausha nimeila mpaka nimeaibika. Ila leo siongelei mnada. Leo ni hii hita ya motohomu yetu, hili gari tunaloishi humohumo, maana meseji zenu zimenizidi: "Dada, mnalalaje humo? Dada, hamfi baridi?" Hatufi. Usingizi ndio tunaukosa, na sababu yake mtaisikia kwa masikio yenu.

Hita yenyewe ndiyo hii hapa chini ya kiti. Hita ya dizeli ya Kichina, zile za boksi. Jina silitaji, na hata nikilitaja halitawasaidia, kwa sababu viwanda ni vingi, sura ni moja, stika tu ndiyo inabadilika. Uzito, urefu, waya upi uende wapi, hayo siyasomi, nimeyaweka kwenye maelezo chini ya video. Nitasema kimoja tu: boksi limeandikwa kilowati 8. Msishangilie. Nyingi zinazoandikwa 8 ni umbo lilelile la kilowati 5, wamebadilisha karatasi. Kwa gari la ukubwa huu hata tano inatosha na kusaza.

Sasa kwa nini nalipenda joto lake. Njooni dirishani. Kioo hiki, pitisha mkono. Kikavu! Wanaoishi kwenye magari wakati wa baridi wanajua kwamba adui wa kwanza si baridi, ni maji. Unapumua, unapika ugali, unaning'iniza soksi zilizolowa, mvuke wote huo unakimbilia sehemu yenye baridi kuliko zote, kwenye vioo, kwenye kona za kabati, chini ya godoro. Asubuhi ukuta unatoka jasho, wiki ya pili ukungu mweusi unaota.

Mwaka jana tulikuwa na kile kihita cha gesi kisicho na bomba la kutolea moshi, unakiweka tu katikati ya gari. Kinapasha, sikatai. Lakini gesi ya propani ikiungua inazaa maji. Kilo moja ya gesi inakupa zaidi ya kilo moja na nusu ya maji, na yote yanabaki humo ndani na wewe. Unalipia gesi ili ujinyeshee mvua.

Hii ya dizeli ina njia mbili za hewa ambazo hazikutani. Moto unavuta hewa yake kutoka chini ya gari, unaungulia ndani ya chemba ya chuma, na moshi unarudi hukohuko nje kupitia ekzosi. Feni ya ndani kazi yake ni kupitisha hewa yetu juu ya hicho chuma cha moto. Kwa hiyo kinachoingia humu ni joto kavu, bila moshi na bila mvuke.

Na hapo nisimame kidogo, naongea na ndugu zangu wa Njombe na Makete, na Arusha mwezi wa saba. Jiko la mkaa ndani ya chumba mlichofunga madirisha, tafadhali, hapana. Kaboni monoksaidi, ile gesi ya sumu inayotoka kwenye moto, haina harufu, haikuamshi, inakuzidishia usingizi. Hata sisi wenye ekzosi ya nje tuna kengele yake pale juu ya kitanda, kwa sababu vibano vya ekzosi vilivyokuja na boksi hili ni vya hovyo. Tulivitupa tukanunua vingine. Kengele yenyewe ni bei ya pizza mbili.

Haya. Sasa pampu. Nyamazeni wote. Imani, acha hiyo simu mwanangu. Baba Imani, washa.

Sikilizeni hatua kwa hatua. Kwanza kimya, kuna plagi ndogo inapashwa moto, hapo inakula umeme, kama ampea kumi kwa dakika chache. Betri ikiwa legelege ndipo itakapokukatalia, siyo baadaye. Sasa feni inaanza, vuuu. Hiyo haina shida, nalala nayo. Halafu... ngoja... hiyo! Tik. Tik. Tik. Mmesikia? Naweka maiki karibu na sakafu. Tik! Tik! Tik!

Kazi ya hiyo pampu ni kusukuma dizeli tone kwa tone, kwa kipimo. Ndani kuna kijipistoni, umeme unakivuta, springi inakirudisha, na kila kinapopiga ndiyo tik. Moto mdogo, inapiga taratibu, kama mara moja hivi kwa sekunde. Ngoja nipandishe hadi mwisho... tiktiktiktik, mara tano kwa sekunde. Na ajabu, ikienda kasi haiudhi! Masikio yanaizoea. Ni ile ya taratibu, saa nane za usiku, tik... unasubiri... tik. Ni kama mtu anayekatia kucha chini ya mto wako.

Mtaniambia, "Dada, si uizime, gari likipoa uiwashe?" Hapo ndipo naposhikwa na hasira. Ukiiambia hita hii ilinde nyuzi 20, ikizifikia haizimi. Inashuka kwenye moto mdogo kabisa na kubaki hapo, usiku kucha, tik, tik. Na moto mdogo kwa muda mrefu unajaza masizi ndani ya chemba. Kwa hiyo asubuhi, kabla ya kuizima, lazima uipandishe hadi mwisho kwa nusu saa hivi iyachome masizi yake. Gari zima linakuwa Dar mwezi wa Januari, tunafungua madirisha kwenye nyuzi 24 chini ya sifuri. Majirani Waswidi wanatutazama tu.

Tumeifanyia nini? Baba Imani ameingia uvunguni mara nyingi kuliko fundi. Njoo na kamera, nitawaonyesha kwa mkono. Mwanzo pampu ilibanwa kwa skrubu moja kwa moja kwenye fremu, chuma kwa chuma, na fremu ndiyo imebeba kitanda. Yaani gari lote likawa spika. Kwanza akaitundika kwenye mpira. Pili akaiinamisha, upande wa kutokea mafuta uangalie juu, ili mapovu ya hewa yapande na kutoka, maana pampu yenye hewa inapiga kelele zaidi na moto unayumba. Tatu akaihamisha kutoka chini ya kitanda kwenda upande wa jikoni. Sikilizeni tofauti. Hapa naigusa kwa kidole ibanane na chuma... TIK TIK. Naiachia... tik, tik. Mnaona? Imepungua sana. Haijaisha. Wanaosema kwenye video zao imeisha kabisa, ama ni viziwi ama wanauza mpira.

Umeme. Ikishashika moto inakula kidogo sana, feni tu na pampu. Ila naomba mnisikie vizuri: usiizime kwa kukata swichi kuu. Bonyeza kitufe, iache feni izunguke dakika zake mpaka chemba ipoe. Ukikata ghafla unaunguza vitu vya ndani. Na wenye betri za lithiamu, hizi za kisasa, kumbukeni hazitakiwi kuchajiwa zikiwa chini ya sifuri, zinaharibika moja kwa moja. Yetu ipo ndani, chini ya kiti hiki, na tumetoboa bomba la joto lipite pembeni yake. Betri inalala pazuri kuliko mimi.

Kuna mdau aliuliza, kama upo kambini na umeme wa kulipia upo, hita ya dizeli ya nini? Umeme wa kambi nyingi huku ni fyuzi ya ampea kumi. Zidisha kwa volti 230, unapata wati 2,300. Ukiwasha hita ya umeme ya wati 2,000 halafu ukaweka birika la chai, pap, giza. Na barabarani je? Januari 2024, kule kusini mwa nchi hii, Skåne, magari kama elfu moja yalinasa kwenye theluji kwenye barabara ya E22, watu wakalala humo. Wiki hiyohiyo huku kwetu, Kvikkjokk, wilaya hiihii ya Jokkmokk, walipima nyuzi 43.6 chini ya sifuri. Siku kama hiyo unataka joto ambalo halitegemei waya wa mtu.

Dizeli yenyewe ina mambo. Ya kiangazi, au ya kutoka nchi za joto, kwenye baridi hii inaganda nta, inaziba chujio, hita inazima na injini pia. Kwa hiyo mkitoka kusini mwa Ulaya njooni na tangi karibu tupu, mjaze huku dizeli ya majira ya baridi. Sisi tunapenda ile inaitwa HVO100, inayotengenezwa kwa mafuta ya mimea na mabaki ya mafuta ya kupikia. Moshi wake hauchomi pua na baridi inaivumilia. Ghali kidogo. Kwa baridi ya leo tunatumia lita sita hivi kwa usiku na mchana.

Na yule kaka wa Makete aliyesema anataka kuifunga kwenye gari la watalii la kwenda Kitulo: angalia kimo. Kule ni zaidi ya mita 2,000, hewa ni nyepesi, moto unapata dizeli nyingi kuliko hewa na unajaza masizi upesi. Tafuta toleo lenye kurekebisha kimo lenyewe, au upunguze pampu kwa mkono.

Sasa niwaambie kinachonifanya niwaonee wivu majirani. Wale pale, gari jeupe, wana hita inaitwa Truma Combi. Ile inatoa joto na inachemsha maji, lita kumi, ndani ya chombo kimoja. Na ina valvu ya usalama: joto likishuka karibu na nyuzi 3, inafunguka yenyewe na kumwaga maji yote kabla hayajaganda na kupasua tangi. Sisi hii yetu inatoa hewa tu. Maji ya kuoga tunachemsha kwenye sufuria kama tupo kijijini. Tangi letu la maji lipo chini ya gari, huku halifai, tumelimwaga, tunatumia madumu ndani. Maji machafu yanashukia kwenye ndoo iliyo nje, asubuhi namwaga kipande cha barafu chenye umbo la ndoo, na mchele mmoja mmoja ndani yake.

Mkinunua gari kwa ajili ya baridi, ulizeni kama limepimwa daraja la tatu kwa kiwango cha Ulaya, EN 1646. Maana yake likiwa kwenye nyuzi 15 chini ya sifuri, linaweza kupandisha ndani hadi 20 kwa saa nne na maji yakaendelea kutembea. Letu halina hata daraja la kwanza, ni la zamani, ndiyo maana sakafu... ona, kiatu changu kimegandia pale mlangoni. Hebu vuta. Umeona!

Kilichotusaidia kuliko hata hita, kwa bei yake, ni lile shuka la fedha la kufunika kioo cha mbele. Livalisheni kwa nje, siyo ndani. Ukiliweka ndani, kioo kinapoa nyuma yake na kuota barafu. Halafu pazia zito kati ya viti vya mbele na chumba.

Bei. Hii tulilipa chini ya krona 1,500 za hapa Sweden, imetoka ghala la Poland. Hita za kampuni ya Webasto zinafanya kazi hiihii kwa ukimya zaidi, na bei yake ni mara kadhaa. Truma ukijumlisha na fundi, hapo unaongea na benki. Wiki iliyopita nilikuwa nimeapa narudisha hii. Leo, kwa ukavu wa vile vioo, hairudi. Lakini nikipata pesa, pampu nabadilisha, kuna wanaouza pampu za kimya peke yake, na hiyo ndiyo video inayofuata kama barua za forodha hazitaichelewesha.

Za chaneli: laivu ni Jumamosi saa mbili usiku za nyumbani, huku itakuwa saa kumi na mbili jioni. Wale wa Muskat mnaotaka video ya kiyoyozi cha motohomu, nimewaona, nivumilieni hadi Julai. Swali la choo nimeliona pia, mmeliuliza watu wengi kupita kiasi, choo kina video yake. Sabskraibu, gonga kengele, na kwenye maoni niandikieni kama tik mliisikia kwa spika ya simu au ni mimi tu.

Baba Imani, zima. Hapana, siyo swichi! Kitufe! Bonyeza, subiri feni.