Kitabu chekundu cha Murphy: kinunue, ila usianze ukurasa wa kwanza

Kwa mnaouliza kila siku mnunue kitabu gani cha gramma ya kiingereza, mi jibu langu ni Essential Grammar in Use cha Raymond Murphy, kile chekundu cha Cambridge. Sio cha bluu jamani, cha bluu (English Grammar in Use) ni cha watu walioshavuka hatua ya mwanzo, ukianza nacho wiki haiishi kishapanda juu ya kabati. Ninachoongelea hapa ni toleo la nne la 2015, lina yuniti 115 na kila yuniti kurasa mbili tu, kushoto maelezo kulia mazoezi, basi. Utamu wake uko hapo, maana ukishakula usiku unafungua kurasa mbili, unafanya, unalala, hakuna ile ya kumeza sura nzima ndo ukutane na zoezi.

Sasa mwandishi mwenyewe kasema mwanzoni kabisa kwamba sio lazima ufuate mpangilio, na nyuma kaweka zoezi la kujipima ili ujue uende yuniti gani. Nani anafanya? Wabongo tukipewa kitabu tunaanza na am, is, are, tunakomaa mpaka yuniti ya kumi na kitu tunachoka, wakati vinavyotuumbua vingi viko mbele huko. Chukua a, an na the. Kwetu hivyo vidudu havipo, mtu anasema "I bought car" na anaona kamaliza. Humu wamevichambua taratibu, a na an peke yake, halafu a ikishindanishwa na the, halafu the na majina ya sehemu, kwa mimi hizo ndo yuniti bora kuliko zote. Na at, on, in za muda nazo ziko mwishoni mwishoni: at 8 o'clock, on Monday, in 2015. Sisi tunasema tu nakuja saa mbili, nakuja Jumatatu, hakuna kinachotangulia, ndo maana unasikia mtu mzima na tai yake anasema "in Monday" (na saa mbili yetu ni eight, hilo usitegemee Murphy akukumbushe).

Kitu kingine kilichoelezwa vizuri ni do, does na did. Ile "he didn't went" unayoisikia mpaka maofisini, ukifanya yale mazoezi inakutoka, kwa sababu unaona kwa macho kwamba did ikishatokea yenyewe ndo imebeba wakati uliopita na kitenzi kinarudi kama kilivyozaliwa, didn't go. Na ile s ya "she works", ukiuliza swali inahamia kwenye does, "does she work", haikai sehemu mbili. Mtu anaweza kumaliza fomu foo hajawahi kuambiwa hivyo kwa lugha rahisi.

Lawama zangu. Maelezo yote ni kiingereza, rahisi ndio, ila ambaye hajui kabisa atahitaji mtu pembeni. Kimeandikwa kwa dunia nzima sio kwa mswahili, kwaio he na she wanakupa kwenye jedwali wanaendelea na safari, wakati sisi tuliolelewa na "yeye" moja hapo ndo tunapomwita shangazi he mbele za watu. Alafu usitegemee kikufundishe kuongea, hii ni gramma tu, kuongea katafute watu.

Kwenye kununua kuwa makini, kuna toleo lenye majibu nyuma na lisilo na majibu, hilo lisilo na majibu ni la darasani, anayesoma mwenyewe achukue lenye majibu. Zile kopi za stationery nazo ni bei rahisi kweli ila mazoezi mengi yanategemea picha, unaulizwa huyu anafanya nini na unachokiona ni kivuli cheusi, sasa utajibu nini. Mimi natoa nyota nne. Ukikipata cha mtumba kwa wauza vitabu wa Posta kagua kurasa za kulia kwanza, kama mwenye nacho kajaza kwa peni mrudishie muuzaji, kama ni penseli lipa ukanunue na raba.