Kruzi na dashibodi ya kidijitali kwenye gari la zamani: cha kununua kwanza, cha kusubiri na cha kuacha

Kabla hujatoa hela ya kruzi (mfumo wa kushika spidi bila wewe kukanyaga mafuta) au ya dashibodi ya kidijitali, fungua boneti. Tafuta throto, mlango wa hewa inayoingia kwenye injini, kisha mwambie mtu akanyage pedali ya mafuta. Ukiona waya wa chuma unavuta kigurudumu kidogo pembeni ya throto, gari lako ni la kebo. Usipoona waya wa chuma bali soketi ya umeme peke yake, throto yako ni ya umeme, na hapo umeokoa pesa nyingi. Usitegemee mwaka wa gari wala maneno ya dalali. Kuna Toyota za jina moja zilizopishana mwaka au miwili tu, moja ya kebo, nyingine ya umeme.

Hilo ndilo linaloamua upande wa kruzi. Upande wa dashibodi swali ni jingine: gari lako linakubali kusomwa kupitia soketi ya OBD, ile ya kompyuta za kupimia gari iliyo chini ya usukani, au linagoma? Mpangilio wangu unaangalia faida unayopata kwa kila shilingi, si urembo, na nimemlenga zaidi mwenye gari lililotoka Japani, maana ndiyo yamejaa barabarani kwetu.

1. Kifaa cha OBD na simu ya zamani

Wengi wanaanza na kruzi. Mimi nasema anza na macho. Vitz na Passo nyingi hazina mshale wa joto la injini. Zina taa ya bluu injini ikiwa baridi, na nyekundu ikishachemka. Katikati hapo huambiwi kitu. Taa nyekundu ikiwaka ukiwa unapanda mlima na abiria watano, gasketi ya silinda hedi inaweza kuwa imeshaondoka.

Kifaa kinachoitwa ELM327 kinachomekwa chini ya usukani, kinatuma taarifa kwenye simu kwa Bluetooth, na programu kama Torque au Car Scanner inakuchorea mita zozote unazotaka: joto la maji, chaji ya alteneta, spidi, mizunguko ya injini. Injini nyingi za petroli zikishapata joto hukaa kati ya nyuzi 80 na 95. Ukiona 100 na inazidi kupanda, unasimama kabla ya aibu. Chaji inatakiwa icheze kati ya volti 13.5 na 14.5 injini ikiwa inawaka; ikishuka hadi 12 na kitu, alteneta inakuaga.

Nakala za Kichina unazipata mtandaoni chini ya dola 20, lakini humo ndimo kuna mtego. Nyingi zilizoandikwa toleo la 2.1 zimekatwa baadhi ya amri, na magari mengine hayazisikii kabisa. Zile za 1.5 mara nyingi ndizo zinazofanya kazi vizuri. Ukiwa na uwezo, chukua Vgate au OBDLink umalize. Wenye iPhone watafute cha WiFi au cha Bluetooth ya kizazi kipya, kwa sababu vile vya kawaida ni vya Android.

Sasa kuhusu kugoma. Marekani ililazimisha OBD ya kisasa kuanzia magari ya 1996, Ulaya ikafuata kwa magari ya petroli 2001. Japani ilichelewa hadi 2008. Ndiyo maana Golf ya 2002 inasomeka bila shida, wakati Toyota ya 2003 iliyotoka Japani ina soketi ya umbo lilelile na bado haijibu. Torque inaruhusu kuandika amri za kuanzia, na Toyota nyingi za namna hiyo hukubali zikiandikiwa amri zake. Kwa hiyo jaribu kwanza kwa kifaa cha fundi au cha rafiki ndipo ununue. Na gari likilala siku kadhaa bila kutembea, kichomoe, kinakula betri.

2. Kijiti cha kruzi cha Toyota, kwa throto ya umeme

Hiki ndicho kitu chenye thamani kuliko vyote upande wa kruzi. Toyota nyingi zenye throto ya umeme zina kruzi ndani ya kontroli boksi (kompyuta ya injini) tayari. Kiwanda kiliacha kufunga kijiti tu kwa sababu gari liliuzwa kwa daraja la chini. Angalia upande wa kulia wa usukani, chini kidogo: kukiwa na kifuniko cha plastiki kinachoonekana kuziba tundu, mahali pake ni hapo.

Namba ya spea ni 84632-34011, na imetumika kwenye Toyota za aina nyingi mno. Kwa kuwa kinakaa kwenye usukani wenyewe, hata kilichotoka kwenye gari la Ghuba la usukani wa kushoto kinaingia kwako bila neno. Mtandaoni aghalabu hakizidi dola 40. Ukikipata kwenye spea za mtumba, Kariakoo au Ilala, nenda na maltimita. Pima pini zake mbili za kazi: ukibonyeza kitufe cha kuwasha iwe karibu na sifuri, ukipandisha juu iwe kama omu 240, ukishusha chini 630, ukivuta kwako 1540. Namba zikiruka ruka, kirudishe mezani.

Tatizo huwa ni waya. Kebo inayojizungusha nyuma ya usukani inaweza kuwa na nafasi ya kijiti au isiwe nayo, na wakati mwingine waya wa kufika kontroli boksi haupo, unavutwa mmoja. Swichi ya breki nayo iwe ya pini nne. Ya pini mbili ibadilishwe. Kazi hii mpe fundi umeme anayejua eabegi, na umwone kwa macho yako akichomoa hasi ya betri na kusubiri angalau sekunde 90 kabla ya kugusa usukani. Anayecheka ukimwambia hivyo, mtafute mwingine.

Kama gari si Toyota lakini throto ni ya umeme, kuna vifaa vinavyokaa kati ya pedali na soketi yake. Vinafanya kazi, ila kila aina ya gari ina soketi yake, kwa hiyo agiza kwa modeli kamili ya gari lako.

3. Kioo cha spidi cha GPS

Hiki ni cha Land Cruiser ya injini ya dizeli ya 1HZ, Peugeot za zamani na yeyote ambaye OBD haimhusu. Unachomeka kwenye tundu la kuwashia sigara, kinasoma satelaiti, kinaonyesha spidi. Hakionyeshi joto, ndiyo maana kipo nafasi ya tatu. Uzuri wake ni ukweli: mita za kiwandani kwa kawaida husoma juu kidogo ya spidi halisi, lakini ukishafunga matairi makubwa zinasoma chini, na kwenye kibao cha 50 tochi haisikilizi maelezo ya matairi. Nunua chenye kupunguza mwanga chenyewe. Vya bei ya chini sana havionekani jua la saa saba, na usiku vinakuchoma macho.

4. Mota ya kruzi kwa gari la kebo

Kampuni ya Rostra ya Marekani imetengeneza seti yenye mota ya umeme inayovuta kebo ya eksileta. Kwa dizeli hii ni bora kuliko mifumo ya zamani ya kuvuta kwa hewa, kwa sababu haitegemei mvuto wa hewa wa injini. Bei utakayoiona mtandaoni haina usafiri, ushuru wala fundi. Gari la gia za mkono lazima lifungwe swichi ya klachi pia, la sivyo ukikanyaga klachi injini italia.

Je, inalipa? Kwa anayekwenda Singida kutoka Dodoma kila wiki, au Voi kutoka Mtito Andei, ndiyo, goti la kulia litakushukuru. Kwa anayezunguka Mbagala na Kimara, sioni. Kruzi ya Toyota yenyewe kwa kawaida haishiki chini ya kilomita 40 kwa saa, na foleni zetu mnazijua. Kati ya tuta na tuta, vilevile. Na mvua ikinyesha, izime.

5. Dashibodi ya daraja la juu, ya mtumba

Ile ya Optitron, mita za Toyota zinazong'aa, inavutia, nakiri. Lakini kilomita zinahifadhiwa ndani yake, kwa hiyo unafunga na historia ya gari la watu. Piga picha ya mita yako ya zamani na uiweke pamoja na risiti, siku ya kuuza utaulizwa. Kwenye Volkswagen nyingi imobilaiza, kinga ya wizi inayotambua ufunguo, imo humohumo, ukibadilisha bila kuiandika upya gari haliwaki.

6. Skrini nzima ya LCD

Acha. Zipo za Prado na Hilux, kwenye picha zinapendeza. Nyingine zinachelewa kuamka ukiwasha gari, na ikifa safarini unapoteza taa ya oili, ya chaji na ya joto kwa mpigo. Kwa bei hiyo safisha rejeta, badilisha thamostati, na chenji inabaki.

Ukishafungiwa kruzi, usimlipe fundi salio gari likiwa limesimama. Mchukue mtoke hadi barabara iliyo wazi, weka kruzi kwenye 60, kisha gusa breki kidogo tu, kiasi cha taa za nyuma kuwaka. Lazima iachie papo hapo. Rudia kwa kuvuta kijiti, na kwa klachi kama ipo. Ikishindwa hata mara moja, kruzi izimwe hapohapo na mrudi gereji kuangalia swichi ya breki.