Spika ya 38,000 iliyowazoesha wafungaji wangu makelele

Niliinunua Kariakoo mwezi wa pili. Muuzaji alianzia 50,000, tukamalizana kwa 38,000. Ni spika ya bluetooth ya kawaida, yenye mkanda wa kuvaa begani na tundu la memori kadi. Akanipigia bongo fleva nisikie besi. Mimi nilikuwa nawaza jambo moja tu: nikiiweka nyuma ya goli la netiboli, mtoto aliye ndani ya duara atapata taabu kunisikia?

Mwaka jana, mechi za wilaya za kusaka timu ya UMISSETA, michezo ya shule za sekondari, GS wangu (mfungaji mkuu) wa kidato cha pili aliganda. Mazoezini anafunga nane katika kumi. Siku ile watazamaji walisogea hadi kwenye mstari, ngoma, vuvuzela, ndoo zinagongwa. Alipokea mpira, akaushika, akaushika, hadi filimbi ikalia. Mfungaji ana sekunde tatu tu. Ikatokea tena kipindi cha pili. Alipotoka akaniambia, "Madam, mikono haikuwa yangu." Wiki nzima nilikuwa nimemwambia "usiogope", na hilo si fundisho. Liliniuma sana.

Kwa hiyo mechi zilizobaki nilirekodi makelele kwa simu, dakika kumi na moja, nikayaweka kwenye kadi. Wiki ya kwanza spika ilikaa kwenye benchi, sauti ya chini. Ya pili nikaisogeza mstarini. Ya tatu ikawa chini ya nguzo ya goli, sauti mwisho. Na kila siku zoezi ni lile lile: mpira ukiwa bado njiani, toa pumzi yote taratibu, ukidaka, macho kwenye ringi, kunja magoti, achia. Ringi iko mita 3.05 kutoka ardhini, pawe na ngoma au pasiwe na ngoma. Siku ya kwanza ya sauti kubwa alifunga mbili katika kumi. Mwisho wa mwezi wa tatu alikuwa amerudi kwenye saba.

Spika yenyewe ina kasoro. Boksi linasema chaji inakaa saa nane. Kwa sauti ya mwisho mimi napata saa mbili na nusu, basi. Ukifika juu kabisa inakwaruza, ingawa kwa vuvuzela hiyo haisumbui. Kifuniko cha tundu la chaji kililegea mwezi wa kwanza wa kuitumia, kwa hiyo mawingu yakitanda naiingiza ofisini. Na kila ukiiwasha, mwanamke anatangaza kwa Kiingereza kwamba bluetooth iko tayari, hata kama unataka kadi.

Kitu isichoweza kabisa ni kumwita mtoto kwa jina lake. Wale wa mstarini huita jina, hutaja urefu wako, miguu yako. Hapo niliwaomba dada zao wa kidato cha nne wasimame nyuma ya goli wapige kelele za "Kosa! Kosa!" wakitaja jina, lakini maneno ya mwili wa mtu niliyakataza. Hata hivyo GA wangu, mfungaji wa pili, alilia siku ya kwanza. Nilizima kila kitu, tukakaa chini ya mwembe hadi akawa tayari kurudi mwenyewe. Sikumlazimisha, na mwalimu yeyote nitamwomba asilazimishe.

Mwaka huu tulirudi uwanja ule ule. Mpira wa kwanza GS alikosa, na upande wa pili ukalipuka kwa shangwe. Mpira wa pili ukiwa hewani niliona mabega yake yanashuka. Alikuwa anatoa pumzi. Akafunga, na mwisho wa mechi filimbi ya sekunde tatu haikumlilia hata mara moja.

Kama unataka ya muziki wa sherehe, tafuta nyingine. Kwa mazoezi inatosha, ila hakikisha ina tundu la kadi, maana ukitegemea simu mzazi atakupigia katikati ya zoezi.