Stesheni za treni Dar kwa sisi tunaotokea Kusini: ipi inakupeleka wapi, na maksi nilizozipa

Naandika hii kwa ajili ya ndugu zangu wa Mtwara na Lindi maana sisi huku treni hatuna, tunakutana nayo Dar, na ukishashuka basi pale Mbagala una begi na kiroba cha korosho za kumpelekea shemeji Dodoma kila mtu anakwambia lake, boda anasema twende stesheni mjini, konda anasema shukia Tazara, na wote wako sahihi ila inategemea unakwenda wapi.

Kitu cha kushika ni kwamba Dar treni zimegawanywa kufuata reli yenyewe, yani upana wa njia na mwenye njia ni nani. Ziko reli tatu na behewa la moja halipiti kwenye nyingine. Ya kwanza reli ya kati, Mjerumani alianza kuijenga 1905 ikafika Kigoma 1914, upana wake mita moja. Ya pili TAZARA, hii Wachina wameijenga kuanzia 1970, ni mali ya Tanzania na Zambia kwa pamoja na upana wake milimita 1067 ili iendane na reli za huko kusini mwa Afrika. Ya tatu ndo SGR, ile reli mpya ya umeme, upana wake milimita 1435. Hizi mbili za zamani, hata pale Kidatu kule Morogoro zinakokutana, mzigo unabidi uhamishwe toka behewa moja kwenda jingine. Hata zile treni za mjini zilizoanza Oktoba 2012, ambazo watu waliziita treni ya Mwakyembe kwa jina la waziri wa uchukuzi wa wakati huo, zilikuwa mbili tofauti, moja inatoka Ubungo kwenda Stesheni na nyingine ya TAZARA inakwenda Mwakanga.

Tuje kwenye maksi.

Stesheni ya SGR naipa nyota tano kwa usafiri wenyewe. Iko katikati ya jiji upande wa Gerezani, jengo lina umbo la tanzanite huwezi kulipotea. Abiria walianza kwenda Morogoro tarehe 14 Juni 2024 na Dodoma mwezi uliofuata, nauli ya kawaida ilianzia 13,000 kwa Moro na 31,000 kwa Dodoma. Treni inakwenda mpaka kilomita 160 kwa saa, Dodoma ni kama saa tatu na nusu mpaka nne hivi, na kwa mtu aliyetoka stendi ya Mkanaledi Mtwara alfajiri akakaa kwenye kiti cha basi kutwa nzima, Somanga, Ikwiriri, Kibiti, foleni ya Kongowe, halafu akaja kukaa humo ndani, kwa kweli mwili unajua tofauti. Kuna kukaguliwa mizigo na kitambulisho wanataka, usiende dakika za mwisho. Angalia na hili, stesheni hii imepewa jina la Magufuli na stendi ya mabasi ya Mbezi nayo ni Magufuli, mwambie boda wazi kabisa SGR, la sivyo utajikuta Mbezi na treni imeshaondoka.

Stesheni ya zamani ya TRC, yani Shirika la Reli, ile ya reli ya kati, nayo iko upande huohuo wa mjini. Hiyo ndo ya Kigoma, Mwanza na Mpanda, Tabora ndo njia ya Mwanza na ya Kigoma zinapogawana, ya Mpanda inachepukia Kaliua. Polepole, lakini inafika ambako SGR bado haijafika na inabeba mama zetu na mizigo yao. Nyota tatu, na heshima.

TAZARA iko mbali na hizo mbili, pale Nyerere Road inapokatana na Mandela, njia ya airport. Huko ni Ifakara, Mlimba, Makambako, Mbeya, Tunduma mpaka Kapiri Mposhi Zambia, kilomita 1,860. Kwetu sisi ndo rahisi kuifikia maana ukitoka Mbagala gari za Mandela Road zinapita hapohapo huna haja ya kuingia mjini. Njia yake ni nzuri sana, inakatiza mbuga ya Nyerere kisha milima na mahandaki. Ila kabla hujafunga begi piga simu uulize treni ipo siku gani. Na mtu wa Masasi au Newala anayekwenda Mbeya mi namshauri asipite Dar kabisa, lami ipo Tunduru, Songea, Njombe hadi Makambako, kwanini uzunguke.

Ninachokililia mimi ni huduma ya kuunganisha. Mabasi ya kusini yanaishia kule, SGR kule, TAZARA kwingine, na katikati hapo ni wewe na kiroba chako na madalali wanaokupangia bei kwa kukuangalia usoni. Kibao kikubwa Mbagala kinachosema reli ipi iko wapi kingesaidia watu wengi mno. Na sisi reli tuliwahi kuwa nayo, ile ya mradi wa karanga iliyotoka bandarini Mtwara kwenda Nachingwea, ikafungwa 1962 na vyuma vikang'olewa. Sasa inazungumzwa SGR ya Mtwara hadi Mbamba Bay, naiombea sana, ila wapangaji waweke stendi ya mabasi na stesheni sehemu moja tangu mwanzo, mzee wa Mikindani ashuke basi apande treni bila kumlipa boda.

Kwa sasa tiketi ya SGR kata kwenye simu ukiwa bado Mtwara, chagua treni ya kesho yake, ulale Dar.