TAHADHARI: Safari ya miguu Ngorongoro hadi Natron inayouzwa kwa bei ya kutupa

Ndugu zangu, kuna tangazo linazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp: siku nne kwa miguu, Nainokanoka, Bulati, Empakai, Nayobi mpaka Ngare Sero kando ya Ziwa Natron, kila kitu ndani, lipa nusu leo nafasi zinaisha. Njia hiyo ipo kweli na ni nzuri mno. Wa kuchunguzwa ni anayeiuza.

Mtego mkubwa uko kwenye karatasi. Ukishatuma hela unaletewa picha yenye nembo, jina lako na kontrol namba (namba ya kulipia ada za serikali), unaambiwa ada zimeshalipwa. Isome tena taratibu. Mara nyingi hiyo ni ankara tu: deni limetengenezwa kwenye mfumo, halijalipwa, na lina tarehe ya kuisha muda. Ankara si risiti! Dai risiti ya malipo. Au usimpe hela ya ada kabisa. Akupe kontrol namba uilipie mwenyewe kwa simu au benki, na kabla ya kuweka namba ya siri utaona jina la anayepokea. Likitokea jina la mtu badala ya Mamlaka ya Hifadhi ya Ngorongoro, acha hapohapo. Ukifika geti la kuingilia la Loduare na ankara isiyolipwa hupiti, na aliyekuuzia atakuwa amezima simu.

Muulize pia habari za askari. Kutembea huko ni lazima uwe na askari wa Mamlaka mwenye silaha, na anaombwa mapema. Akisema "tutampata hukohuko", jua hajaomba. Msitu wa ukingo wa kreta ya Empakai una nyati, si mahali pa kwenda na mwongozaji mwenye fimbo. Na akikuahidi kutembea au kupiga hema chini ndani ya kreta kubwa ya Ngorongoro, muongo huyo: hairuhusiwi. Kreta ya kushuka kwa miguu ni Empakai. Olmoti unapanda hadi ukingoni.

Halafu punda wa kubeba mizigo. Hapa ndipo bei ya kutupa inapojionyesha, maana hesabu haidanganyi. Wateja wanne, mwongozaji, mpishi na askari ni watu saba. Lita tano kwa mtu, kunywa na kupika, ni lita 35 kwa siku. Punda mmoja usimpe zaidi ya kilo 40 hivi, kwa hiyo maji ya siku moja tu yamemmaliza mmoja, na bado mahema, magodoro, chakula na jiko. Maji ya ziwa la Empakai ni ya magadi, usiyategemee. Anayekwambia punda wawili wanatosha atakuacha na kiu kwenye mteremko wa Nayobi, penye joto kali, au atawaua wanyama wa watu kwa mzigo.

Kama safari yenu ina kupanda mlima Ol Doinyo Lengai, huo uko nje ya eneo la Mamlaka. Ada za Natron na mwongozaji wa Ngare Sero ni malipo mengine; yaandikwe kwenye mkataba, pamoja na saa ya kuanza kupanda, karibu saa sita usiku, kwani mchana mlima hauna kivuli wala maji.

Kampuni iwe na leseni ya biashara ya utalii (wengi huiita TALA) ya mwaka huu, na jina la leseni lilingane na akaunti unayoilipa.

Kama umeshatuma hela, piga huduma kwa wateja wa mtandao wako sasa hivi uombe muamala uzuiwe, tuma namba ya tapeli kwenda 15040, kisha nenda polisi na mazungumzo yote. Usifute hata ujumbe mmoja.