Seti ya vipimo vya sonara: rula safi, kalipa inatosha, mandreli ndo imeniudhi

Seti yenyewe ni hivi: rula ya chuma ya sentimita 15, kalipa ya dijitali (kipimo chenye taya mbili zinazobana kitu, namba inatokea kwenye kioo), divaida (ile bikari yenye ncha mbili za chuma), mandreli ya kupimia pete (fimbo ya chuma inayochongoka yenye mistari ya saizi), na shada la pete za kupimia vidole, vyote vimelala kwenye kasha moja lenye sponji. Nimeitumia vya kutosha ndo naandika, maana rivyu nyingi nilizosoma watu wanamwaga sifa siku ileile mzigo umefika, hata bamba moja hawajakata.

Nianze na rula kwa sababu ndo imenishangaza kwa uzuri. Mistari imechongwa kwenye chuma, haijapakwa rangi juu, na hilo kwa sonara ni jambo kubwa, rangi kwenye benchi lenye asidi ya kusafishia na vumbi la kung'arishia haidumu. Sufuri inaanza palepale ukingoni, sio kama rula za plastiki za shule ambazo kuna kipande kitupu kabla ya mstari wa kwanza, mtu akisahau anapima kuanzia ukingoni na kila kitu kinatoka na makosa ya milimita tatu nne hivi. Upande mmoja una nusu milimita, upande wa pili inchi, huo sijaugusa. Tena ni nyembamba, yaani mstari unakaribiana kabisa na bamba, kwahiyo hata ukiangalia kwa pembeni kidogo kipimo hakihami sana. Rula nene ya plastiki ukiinamisha kichwa tu namba imeshabadilika. Ushauri mmoja, ukingo wa sufuri huwa unaliwa kadiri rula inavyogongwagongwa na kuanguka, kwahiyo kazi ikiwa nyeti anzia kwenye sentimita 1 alafu toa milimita 10 kwenye jibu.

Divaida sasa, hii watu wanaidharau sana. Ukiiweka juu ya rula ile ncha inadumbukia kwenye mfereji wa mstari, unaisikia kabisa kwenye vidole, tik, alafu unafungua ncha ya pili mpaka nayo idumbukie. Hapo huhitaji hata macho mazuri. Ukitoka hapo unaegemeza ncha moja ukingoni mwa bamba unaivuta, inakuachia mkwaruzo mwembamba ulionyooka kabisa. Linganisha na penseli, penseli peke yake ina unene wa karibu nusu milimita, sasa ukikata kwa msumeno utafuata upande gani wa mstari? Na msumeno wenyewe unakula pia, uzi wa msumeno namba 2/0 una unene wa kama milimita 0.26, kwahiyo ukifuata katikati ya mstari wa penseli jua hapo umeshabahatisha.

Najua kuna watu watauliza rula inatosha au lazima kalipa. Inategemea unatengeneza nini, na hapa ndo watu wanachanganya mambo. Chukua pete ya saizi 7 ya Marekani, kipenyo cha ndani kama milimita 17.3. Bamba lako lina unene wa 1.5, kwahiyo urefu wa kukata unajumlisha kwanza 17.3 na 1.5, alafu jibu unazidisha kwa 3.14, unapata kama milimita 59. (Ukisahau kujumlisha unene unapata 54 na kitu, na pete inatoka ndogo kwa karibu saizi mbili nzima, hapo usilaumu rula.) Sasa tuseme ulivyosoma rula umekosea nusu milimita. Kosa hilo linagawanywa kwa 3.14 likifika kwenye kipenyo, linabaki 0.16, wakati saizi moja ya Marekani ni tofauti ya 0.81 kwenye kipenyo. Yaani hata robo saizi haijafika, ukigonga kidogo kwenye mandreli imekaa sawa na mteja hatojua kitu.

Lakini nusu milimita hiyohiyo ipeleke kwenye kikombe cha jiwe, ule ukingo mwembamba unaozunguka jiwe la milimita 6. Kipenyo kinapungua kwa 0.16 ileile na jiwe haliingii kabisa, ukizidisha jiwe linacheza ndani na ukija kulibana ukingo unakunjamana. Hesabu ni moja, ila kule unasamehewa na huku husamehewi. Ndo maana mtu anayefunga mawe bila kalipa mimi namshangaa, na mtu anayetengeneza bangili tu akihangaika na desimali mbili namshangaa vilevile.

Kalipa yenyewe ni ya kawaida, kioo kinaonyesha mpaka 0.01 ila karatasi yake inasema usahihi ni 0.02 juu au chini, na hivyo ni vitu viwili tofauti, usidanganywe na ile tarakimu ya mwisho. Nimeijaribu kwa bloku ya kupimia (kipande cha chuma chenye kipimo cha uhakika) ya milimita 10, inasoma 10.00 au 10.01, sina lawama. Ukifunga taya ukaielekeza kwenye mwanga hakuna mwanga unaopenya katikati, hiyo fanya siku ya kwanza kabla hujaachia nyota. Ikifungwa irudishe sufuri kwanza, ukipima weka kitu ndani karibu na mwili wa kalipa, sio kwenye ncha za taya, kwasababu ukibana kwa nguvu taya zinainama. Na zile taya ndogo za juu za kupimia ndani ya tundu, kwenye vitundu vidogo huwa zinasoma pungufu kidogo, zina ubapa wakati tundu ni duara. Betri ndo kero, hata ukizima inaendelea kunyonya chaji. Ilikuja na betri ya kifungo ya LR44, weka SR44 inadumu zaidi, au itoe tu ukimaliza kazi.

Kalipa imenisaidia zaidi kwenye waya kuliko nilivyotegemea. Waya unauzwa kwa namba na namba hazifanani, 18 ya Kimarekani ni milimita 1.02, 18 ya Kiingereza ni 1.22. Kwenye pambo moja haina shida, ila ukiwa unasuka mkufu wa vipete vya milimita 5 ndani, ile 0.2 inafanya mkufu uwe mgumu kama fimbo. Siku hizi namba siulizi, napima tu.

Haya, mandreli. Jamani. Kwa macho ni nzuri, chuma kizito, kimenyooka, kimeng'arishwa. Nikaiwekea kalipa kwenye mstari wa 7, inasoma 17.5. Ikitakiwa 17.3. Sasa ile 0.2 ni robo saizi, unaweza kusema tuvumilie, ila chukua pete namba 7 kutoka kwenye shada la seti hiihii uivishe kwenye mandreli, haifiki kwenye mstari wa 7, inagoma kabla. Yaani vitu viwili vya kasha moja havielewani! Mteja umempima kidole kwa shada, umetengeneza kwa mandreli, pete inatoka kubwa, na hapo wewe hujakosea popote. Mandreli ingekuwa na makosa lakini shada nalo lina makosa yaleyale ningenyamaza, maana ungempima na kumtengenezea kwa kosa lilelile pete ikaingia. Alafu hakuna maelezo kama unasoma kwenye ukingo wa pete au katikati, na kifaa kinachochongoka kama hiki pete pana ya milimita 8 unasoma wapi? Mimi nasoma katikati, na pete pana naigeuza upande wa pili kila baada ya kugonga isije ikatoka kama faneli.

Nilichofanya nimekwaruza mistari yangu mwenyewe kwa kufuata shada, nimepima kila pete ya shada kwa kalipa kwanza. Ni kazi ya jioni moja. Wanaotumia saizi za kimataifa za ISO wao wana nafuu, namba 54 maana yake mzingo wa ndani ni milimita 54 basi, unagawanya kwa 3.14 unajua mandreli yako inasema kweli au inadanganya.

Nyota: rula na divaida tano, kalipa nne, shada nne, mandreli mbili, na hizo mbili ni za chuma chenyewe sio za mistari. Muuzaji nilimwandikia nikamtumia na picha ya kalipa ikiwa kwenye mstari, akajibu kwa adabu kabisa akanitumia mandreli nyingine bure. Nayo inasoma 17.5.