pgTAP kwa kujaribu PostgreSQL: nimeipenda, ila ROLLBACK ina mitego yake

Kwa kanzidata ya PostgreSQL yenye triga na fankisheni nyingi, chaguo langu ni pgTAP, kiendelezi cha PostgreSQL cha kuandikia majaribio. Ni ya bure, na majaribio huandikwa kwa SQL ileile. Kujaribia kwenye SQLite eti kwa kuwa ni nyepesi, sikushauri: haikagui funguo za kigeni (viungo kati ya majedwali) mpaka uiamuru PRAGMA foreign_keys = ON, na safu wima ya INTEGER (namba kamili) hupokea hata maandishi kama jedwali halikuundwa na STRICT. Jaribio linapita, kisha seva halisi inakataa.

Sakinisha kifurushi kwenye seva, ingia kwenye kanzidata ya majaribio (si ya kazi!), andika CREATE EXTENSION pgtap. Kila faili hufunguliwa na BEGIN na SELECT plan(4), yaani majaribio manne. Hufungwa na SELECT * FROM finish() na ROLLBACK, inayofuta mabadiliko yote tangu BEGIN. Kuyaendesha yote: pg_prove -d duka_jaribio majaribio/*.sql. Hiyo pg_prove ni programu ya Perl, husakinishwa peke yake.

Ninayoitumia zaidi ni throws_ok, inayohakikisha amri inaleta kosa unalotarajia. Ipe msimbo wa kosa, mfano '23505' kwa thamani iliyojirudia, kisha NULL, ndipo maelezo yako. Ukiruka NULL, maelezo yako yatalinganishwa na ujumbe wa kosa na jaribio litaanguka bure. Kwenye results_eq, inayolinganisha matokeo ya hoja mbili, weka ORDER BY, na kumbuka count(*) hurudisha bigint: linganisha na 3::bigint, si 3. Kama mpangilio hauna maana, tumia bag_eq. Set_eq haihesabu safu mlalo zilizojirudia.

Sasa mitego. Masharti ya INITIALLY DEFERRED (yaliyoahirishwa) hukaguliwa wakati wa COMMIT, yaani muamala unapohifadhiwa, nawe hufiki huko kwa kuwa unamaliza na ROLLBACK. Bila SET CONSTRAINTS ALL IMMEDIATE jaribio linapita kwa uongo. Namba za mfuatano hazirudi nyuma baada ya ROLLBACK, kwa hiyo usitegemee id kuwa 1. Na now() haisogei ndani ya muamala mmoja, hivyo triga ya updated_at inayoitumia itaonekana mbovu kumbe ni nzima.

Mzigo wa watumiaji wengi kwa pamoja pgTAP haipimi. Kwa hilo natumia pgbench, zana ya kupima kasi ya PostgreSQL. Walioko SQL Server watazame tSQLt, wa Oracle utPLSQL.